Barua Kutoka Missouri

Katika habari za vita mara nyingi tunasikia sauti ya askari. Barua za kambini zilihifadhiwa na jamaa nyumbani. Barua za nyumbani zilibebwa mfukoni, zikalowa mvua, na nyingi zikapotea. Ndivyo ilivyokuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865.

Moja iliyosalia iliandikwa tarehe 30 Desemba 1863 huko Missouri. Mwanamke mtumwa alimwandikia mumewe aliyeingia jeshi la serikali. Tangazo la Rais Lincoln la Januari mwaka ule liliwahusu watumwa wa majimbo yaliyoasi. Missouri haikuasi, kwa hiyo utumwa uliendelea humo. Mume, kwa kujiandikisha, alipata uhuru wake. Mke na watoto walibaki utumwani.

Mke anaeleza kwamba anateswa na kupigwa kwa sababu mume amekwenda. Anamlaumu kwa kumwacha katika hali ile.

Missouri ilifuta utumwa Januari 1865, zaidi ya mwaka mmoja baadaye.

Askari weusi wapatao 180,000 walitumika katika jeshi lile, nasi twawaheshimu kwa haki. Tunapowataja, tuwataje pia wake zao: walipokea mapigo badala ya mshahara.