Mafia: Somo la Tezo na Bamvua Lililobaki Nje ya Darasa

Mafundi wa Jibondo, kisiwa kidogo cha Mafia, huunda jahazi bila mchoro. Hulaza mkuku, husimamisha mataruma kwa jicho na kamba, huchonga mbao kwa tezo, hutoboa kwa keekee, kisha huziba nyufa kwa kalafati ya pamba na sifa. Humo mna hisabati ya pembe na uwiano, mna elimu ya miti inayostahimili chumvi, mna uchongaji. Kinamama wa visiwa jirani vya Chole na Juani nao huhesabu mwezi: wanajua siku ambayo maji ya bamvua yatakauka mbali hadi mapango ya pweza yawe wazi, na siku ambayo maji mafu hayatawapa kitu. Hiyo ni sayansi, na mtoto wa huko huanza kuisoma kabla hajavaa sare ya shule.

Leo mtaala unaochanganya sayansi, sanaa, michezo na klabu huzungumzwa kana kwamba umezaliwa Dodoma. Kwa Mafia naona kinyume chake. Upana huo ulikuwapo kisiwani, na shule ilichukua muda mrefu kuukaribia.

Shule ya kwanza ilikuwa chuo cha Kurani. Watoto walikaa mkekani, wakajifunza herufi, wakahifadhi sura, na kaswida na maulidi vikawafunza sauti na mapigo. Watu wazima wengi wa pwani waliandika barua zao za Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Baada ya masomo kulikuwa na bao, ngalawa za kuchezea na ngoma.

Mwaka 1890 Wajerumani waliichukua Mafia kutoka himaya ya Sultani wa Zanzibar. Ofisi yao waliiweka Chole, baadaye ikahamia Kilindoni. Shule zao za pwani zililenga kupata makarani na wakalimani, ingawa ile ya Tanga ilikwenda mbali zaidi: ilikuwa na karakana, mtambo wa uchapaji uliotoa gazeti la Kiongozi, na bendi ya matarumbeta ambayo watafiti wa ngoma ya beni huitaja. Januari 1915 Waingereza waliiteka Mafia na kuifanya kituo cha kuiwinda manowari ya Königsberg iliyojificha kwenye delta ya Rufiji. Chini ya utawala wao elimu ilipanuka polepole. Katika miaka ya 1950 shule za kati za Tanganyika ziliwekewa mkazo wa kilimo, na wazazi wengi walinung'unika. Walimpeleka mtoto shule aliepuke jembe, wakamkuta analishika kwa amri ya mwalimu.

Uhuru ulileta swali jipya. Desemba 1962, alipokuwa Rais, Mwalimu Nyerere alilalamika bungeni kwamba vijana waliosoma walifundishwa nyimbo na dansi za Ulaya huku ngoma za gombesugu na lelemama zikiachwa. Akaunda wizara ya utamaduni na vijana. Machi 1967 ikaja Elimu ya Kujitegemea, andiko ambalo bado nalisoma kwa heshima. Lilitaka shule iwe sehemu ya jamii inayoizunguka, ijifunze kwa kazi, na isiamini kwamba kila ujuzi umo kitabuni au kwa mwenye cheti. Kwa maneno hayo, mvuvi na muunda jahazi walikuwa wamealikwa darasani.

Wakati huohuo mwanaanthropolojia Pat Caplan alikuwa akiishi Kanga, kaskazini mwa kisiwa. Alianza utafiti wake mwaka 1965 na akarudi mara nyingi baadaye. Katika maandiko yake kijiji kimejaa maarifa ya kilimo, tiba, ibada na ngoma.

Mwaliko ule, hata hivyo, ulitekelezwa kwa jembe kuliko kitu kingine. Kujitegemea kukawa shamba la shule, na shule nyingi zikalima kwa sababu hesabu ya mavuno ni rahisi kuiandika kwenye ripoti kuliko hesabu ya mataruma. Azimio la Musoma la 1974 likaharakisha elimu ya msingi kwa wote, lengo likiwa 1977. Watoto wakajaa, walimu wakapungua, vifaa vikakosekana. Baraza la Mitihani, lililoanzishwa 1973, lilipima kilichopimika kwa kalamu, na kisichotahiniwa kikasukumwa jioni, kisha kikasahaulika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 hata mashindano ya michezo ya shule yalisitishwa kwa miaka kadhaa. UMITASHUMTA ya shule za msingi na UMISSETA ya sekondari ziliporudi, timu za Mafia zilirudi pia kwenye safari yao ya kuvuka bahari hadi Nyamisati ili zikutane na wenzao wa mkoa wa Pwani. Kwa timu za bara ni safari ya basi tu.

Uhifadhi ulisaidia kufungua mlango mwingine. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa 1995, na kuanzia 2001 viota vya kasa vimekuwa vikilindwa kisiwani kwa ushirikiano na wanavijiji. Klabu ya mazingira ya shule ya Mafia ina maabara ambayo shule za Dar es Salaam haziwezi kuinunua: kasa wanaoanguliwa Juani, na papa potwe wanaofika karibu na Kilindoni kati ya Oktoba na Machi.

Januari 2024 mtaala mpya ulianza kutumika. Sanaa na Michezo sasa ni somo la darasa la tatu lenye kipindi chake, na sekondari zina mkondo wa amali. Nafurahi kuliona jambo hili. Wasiwasi wangu ni mwalimu mmoja mwenye darasa lililofurika kuagizwa afundishe kuchora, kuimba na kukimbia, ilhali nje ya uzio kuna bingwa wa kila kimoja.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Mafundi waashi na seremala wamepata vyeti kwa njia hiyo. Fundi wa Jibondo apimwe vivyo hivyo, na halmashauri itenge nauli ya mashua na posho ya kipindi, ili jina lake liandikwe kwenye ratiba ya shule kama la mwalimu mwingine yeyote.