Meiza: kifaa kinachosikia minong'ono ya anga, ambacho wakubwa walisema hakitafanya kazi

Leza unaijua. Ndiyo inayosoma bei ya bidhaa supamaketi, na madaktari wanaitumia kwenye upasuaji wa macho. Lakini leza ina kaka yake aliyetangulia kuzaliwa, na wachache wamewahi kumsikia: meiza. (Tunaiandika hivyo isije ikachanganywa na meza ya kulia chakula.)

Leza hukuza mwanga. Meiza hukuza mawimbi ya maikrowevu, jamii ileile ya mawimbi yanayobeba Wi-Fi ya simu yako na yanayopasha chakula jikoni.

Inafanyaje kazi?

Mwaka 1917 Albert Einstein alieleza jambo la ajabu kidogo. Molekuli ikiwa na nishati ya ziada, kisha wimbi la kipimo kinachoifaa likaipitia, molekuli hiyo huachia nishati yake kama wimbi jingine linalofanana kabisa na lile la kwanza. Moja linakuwa mawili, mawili yanakuwa manne.

Tatizo ni kwamba kwa kawaida molekuli nyingi hazina hiyo ziada. Badala ya kutoa mawimbi, zinayanyonya. Kwa hiyo lazima utafute njia ya kubaki na zile zilizoshiba tu.

Charles Townes wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, alipata njia hiyo mwaka 1951 akiwa amekaa kwenye benchi la bustani jijini Washington, akapiga hesabu juu ya bahasha. Mpango wake: pitisha gesi ya amonia kwenye umeme unaochuja molekuli, zilizoshiba ziingie kwenye kisanduku cha chuma, nyingine zitupwe pembeni. Ndani ya kisanduku mawimbi yanaanza kuzaana.

Wakubwa zake, Isidor Rabi na Polykarp Kusch, walimfuata ofisini wakamwambia aache, anachoma pesa bure. Na Rabi hakuwa mtu wa kupuuzwa, tayari alikuwa na Nobel. Townes akakataa. Mwaka 1954 yeye, James Gordon na Herbert Zeiger wakaiwasha, ikafanya kazi. Nobel yake ikaja 1964, akigawana na Nikolay Basov na Aleksandr Prokhorov wa Urusi ya Kisovieti, waliofikia wazo hilohilo kivyao.

Sasa ina faida gani?

Utulivu. Ukishika stesheni ya redio ya mbali na kuongeza sauti, mikwaruzo nayo inapanda. Vikuza mawimbi vingi viko hivyo, vinaongeza kelele zake vyenyewe. Meiza inaongeza kelele kidogo mno.

Ndiyo maana NASA ilizifunga meiza za yakuti kwenye antena zake kubwa, kunasa ishara dhaifu za vyombo vya mbali kama Voyager.

Lakini kisa kitamu zaidi ni cha Arno Penzias na Robert Wilson, huko New Jersey. Mwaka 1964 antena yao yenye meiza ilinasa mvumo usiokatika, popote walipoielekeza. Wakashuku njiwa waliojenga kiota ndani, wakasafisha hadi vinyesi. Mvumo ukabaki. Kwa kuwa walijua kifaa chao ni kitulivu, hawakuweza kukisingizia. Ulikuwa ni mabaki ya joto la ulimwengu ulipokuwa mchanga, ushahidi mzito wa Mlipuko Mkuu. Nobel, 1978.

Meiza ya haidrojeni, iliyotengenezwa 1960, yenyewe ni saa. Inapiga zaidi ya mara bilioni 1.4 kwa sekunde bila kuyumba. Saa hizo ndizo zilizounganisha darubini za mabara tofauti hadi tukaona picha ya kwanza ya shimo jeusi, Aprili 2019. Ziko pia kwenye setilaiti za Galileo za Ulaya, ambazo simu nyingi za sasa huzitumia kujua uko wapi. Saa ikikosea sehemu moja tu ya bilioni ya sekunde, umbali unakosewa kwa sentimita 30 hivi.

Mbona hatuzioni mtaani?

Baridi. Meiza ya yakuti, kama ile ya Penzias na Wilson, ilihitaji heli ya kimiminika, nyuzi 269 chini ya sifuri. Nani atabeba jokofu la hivyo? Mwaka 2018 watafiti wa London walionyesha meiza ya almasi inayofanya kazi mfululizo kwenye joto la kawaida la chumba. Bado ni ya maabara.