Kutoka Koili hadi Sikio: Historia ya Tathmini ya Kelele za Mashine za MRI, 1973–2001

1. Utangulizi

Historia ya upigaji picha kwa usumaku (MRI) kwa kawaida husimuliwa kama historia ya picha. Masimulizi hayo huanza na makala ya Paul Lauterbur ya mwaka 1973, huendelea na kazi ya Peter Mansfield katika Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, na hufikia kilele katika Tuzo ya Nobel waliyopewa wanasayansi hao wawili mwaka 2003. Sauti ya mashine yenyewe hupewa nafasi finyu, ingawa ndiyo inayomkabili mgonjwa tangu kipimo kinapoanza hadi kinapokwisha. Insha hii inachunguza namna kelele hiyo ilivyotathminiwa. Hoja kuu ni kwamba tathmini ilianza kwa kuuliza mashine inatoa kelele kiasi gani, kisha ikasogea kuelekea swali gumu zaidi: sikio linapokea kiasi gani, na kwa muda gani.

2. Chanzo cha kelele

Ndani ya mashine ya MRI mna uga sumaku mkubwa usiobadilika. Ili kutambua ishara imetoka sehemu gani ya mwili, koili za gradienti hupitishiwa mikondo ya umeme inayowashwa na kuzimwa kwa haraka. Mkondo unapopita katika uga huo, waya wa koili husukumwa na kani ya Lorentz. Koili hutikisika, nayo hutikisa hewa iliyo jirani, mfano wa ngozi ya ngoma. Kani hiyo huongezeka kadiri uga na mkondo vinavyoongezeka. Kwa hiyo, mambo yaleyale yaliyotafutwa ili picha iwe bora na ipatikane upesi ndiyo yaliyozidisha kelele.

Mfano dhahiri ni mbinu ya EPI, iliyopendekezwa na Mansfield mwaka 1977. Mbinu hii hukusanya data za kipande kizima kwa mpigo mmoja, na kwa sababu hiyo hudai gradienti zenye nguvu zinazogeuzwa kwa kasi kubwa. Mvumbuzi wake alikuja kuwa miongoni mwa waliohangaika zaidi kutafuta tiba ya kelele zake.

3. Kutoka kero hadi kipimo

Mwaka 1988, Brummett na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 43 ya wagonjwa waliopimwa bila kinga ya masikio walipungukiwa na uwezo wa kusikia kwa muda. Mwaka uliofuata, Hurwitz na wenzake waliripoti viwango vya kelele za gradienti vya kati ya desibeli 82 na 93 kwa mizani ya A, na kati ya 84 na 103 kwa mizani isiyochujwa.

Jozi hizi mbili za namba zinastahili kutazamwa kwa makini. Mizani ya A hupunguza uzito wa sauti nzito kwa kuwa sikio la binadamu huzisikia kwa udhaifu. Mizani isiyochujwa huhesabu mtikisiko wote wa hewa. Kelele ni ileile, bali jibu hutegemea kama mpimaji anaiuliza mashine au anauliza kwa niaba ya sikio. Aidha, kifaa cha kupimia kilikuwa na matatizo yake: maikrofoni yenye sehemu za chuma huvutwa na sumaku, na usomaji wake unaweza kupotoshwa. Ilibidi kwanza kuthibitisha kwamba kinachosomwa ni sauti, wala si athari ya uga juu ya kifaa.

4. Mchango wa Nottingham

Mwaka 1994, Mansfield, Glover na Bowtell walieleza kanuni za kusanifu koili ambazo kani zake husawazishana ili mtikisiko upungue. Mwaka 1995, Glover na wenzake, Mansfield akiwemo, walikabili swali la mtoto aliye tumboni. Kwa kuwa maikrofoni haikuweza kuwekwa ndani ya mfuko wa uzazi, iliingizwa katika tumbo la mtu aliyejitolea, likiwa limejazwa lita moja ya kimiminika. Sauti ilipungua kwa angalau desibeli 30, yaani kutoka takribani 120 hadi chini ya 90. Hapa kitu kilichopimwa hakikuwa tena mashine, bali mahali anapokaa mpokeaji.

Mwaka 1999, Hall na wenzake walipendekeza picha za ubongo zipigwe kwa vipindi vyenye mapengo marefu, ili kelele ya mashine isichanganyike na sauti ambayo ubongo unachunguzwa ukiisikia. Mwaka 2000, Foster na wenzake walikokotoa dozi salama ya kelele katika mashine ya tesla 3. Neno "dozi" lenyewe linaonyesha kwamba muda ulikuwa umeingia rasmi katika tathmini.

5. Mipaka na hesabu zake

Mwaka 2001, Price na wenzake walilinganisha mashine 15, za kuanzia tesla 0.2 hadi 3. Viwango vilianzia desibeli 82.5 hadi 118.4 kwa mizani ya A. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60601-2-33 kinataka kinga ya masikio pale kelele inapoweza kuzidi 99 kwa mizani hiyo. Hata hivyo, tukichukua kipimo cha NIOSH cha mwaka 1998 kwa wafanyakazi, yaani desibeli 85 kwa saa 8, na muda kupunguzwa nusu kwa kila ongezeko la desibeli 3, basi desibeli 99 huruhusiwa kwa takribani dakika 19 tu, na 118.4 kwa sekunde 13.

Kinga inayopunguza desibeli 30 hurefusha muda wa mashine hiyo yenye kelele zaidi hadi zaidi ya saa 3. Kizibo kilichovaliwa vibaya, kikapunguza 15 tu, huufanya uwe takribani dakika 7, muda mfupi kuliko vipimo vingi vya MRI.

6. Hitimisho

Namba inayoandikwa kwenye hati za mashine hupatikana kabla mgonjwa hajafika. Usalama wake huamuliwa baadaye, na mtu anayemvalisha vizibo. Mtu mzima anaweza kulalamika au kubonyeza kengele. Mtoto mchanga na mgonjwa aliyelazwa usingizi hawawezi. Historia iliyojadiliwa inaonyesha kwamba tathmini ilisogea kutoka koili hadi sikio kwa hatua zinazoweza kufuatiliwa. Hatua iliyobaki ni kupima kinga jinsi ilivyovaliwa, katika sikio la mgonjwa husika, badala ya kutegemea namba iliyochapwa kwenye pakiti.