Kanisa Kuu la Likoma na Pwani Yetu

Meli itiapo nanga mbele ya kisiwa cha Likoma, abiria hupata nafasi ya saa chache, mpaka shehena ishushwe na nyingine ipakiwe. Mashua huwachukua watu hadi pwani, na wageni waliosafiri kwa ajili ya kulitazama ziwa karibu wote huuliza njia ya kwenda kanisani. Njia si ndefu. Wakiisha kupita mibuyu na nyumba za Chipyela, huliona mbele yao kanisa la mawe na matofali, lenye urefu upatao mita 100, katika kisiwa ambacho eneo lake lote ni kama kilomita za mraba 18 tu. Hustaajabu, huuliza vipimo, hupiga picha. Kisha honi ya meli hulia, nao hurudi upesi.

Hakuna ubaya katika kustaajabu. Lakini sisi watu wa pwani ya mashariki, wa Liuli, Mbamba Bay na Manda, pamoja na ndugu zetu wa milima ya Mbinga, si wageni wa nyumba ile. Kwa miaka mingi askofu aliyewapa babu zetu kipaimara alikuwa na kiti chake humo. Hata hivyo wengi wetu hatujaliona, na wengine hudhani ni habari ya nchi ya watu. Kwa hiyo yafaa, katika kitabu hiki cha Jubilei, tuieleze asili yake, ili mwalimu au mkristo yeyote ashukaye Likoma ajue yampasayo kuuliza.

Swali la kwanza ni hili: Kwa nini kanisa kuu likajengwa kisiwani, wala si bara penye watu wengi?

Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyojulikana kwa herufi U.M.C.A., ilianzishwa baada ya David Livingstone kuhutubu Cambridge mwaka 1857. Askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, alikufa kwa homa Januari 1862, karibu na mto Shire. Askofu Tozer aliyemfuata aliona kazi ile haiwezekani kwa wakati ule, akaihamishia Unguja mwaka 1864. Lakini Nyasa haikusahauliwa. Mwaka 1876 alifika Unguja kijana mmoja, William Percival Johnson. Baadaye yeye na mwenzake Charles Janson walisafiri kwa miguu mpaka ziwani. Mwezi Februari 1882 Janson akafa huko, baada ya kuyaona maji kwa siku chache tu. Johnson akabaki peke yake, akitembea kijiji hata kijiji.

Alichokiona ni watu wenye hofu. Magwangwara, yaani Wangoni wa Songea kama walivyoitwa na watu wa ziwani, walikuwa wakishuka milimani kuteka watu na chakula. Wakati huohuo misafara ya watumwa ilikuwa ikivuka ziwa kuelekea pwani ya Bahari ya Hindi. Watu wa pwani yetu walijibanza nyuma ya maboma na juu ya miamba, na wengine walijenga vibanda juu ya nguzo ndani ya maji. Septemba 1882 Magwangwara waliishambulia hata misheni ya Masasi, mbali upande wa mashariki. Ndipo Johnson akatambua kwamba misheni ya Nyasa yahitaji mambo mawili: mahali ambapo vita haviwezi kufika kwa miguu, na chombo cha kuwafikia watu wa pwani zote. Alikwenda Uingereza kuomba fedha, na mwaka 1885 stima ndogo iliyopewa jina la Charles Janson ikashushwa majini. Wakati huo Likoma pakawa makao. Maji yalikuwa boma la kisiwa, na maji hayohayo yalikuwa njia yake.

Swali la pili: Kwa nini nyumba kubwa namna ile kwa kisiwa kidogo?

Jibu ni kwamba haikujengwa kwa ajili ya kisiwa. Likoma pametazamana na pwani tatu: pwani ya magharibi iliyokuwa chini ya Waingereza, pwani ya karibu ya mashariki iliyokuwa ya Wareno, na kaskazini yake pwani yetu, iliyokuwa ya Wadachi. Wakristo wa pande zote tatu walikuwa kundi moja chini ya askofu mmoja. Chauncy Maples, aliyefanywa askofu mwaka 1895, hakuifikia nyumba yake. Tarehe 2 Septemba mwaka huohuo mashua yake ilipinduliwa na tufani ziwani, akafa maji. Akazikwa Nkhotakota. Stima kubwa zaidi iliyoitwa kwa jina lake ilitengenezwa Glasgow, ikaletwa vipande vipande kwa mito na kwa mabega ya watu. Boila lake lenye uzito wa tani 11 lilikokotwa barabarani na mamia ya Waafrika, mpaka likapita maporomoko ya Shire. Chombo hicho chenye urefu wa mita 38 kilishushwa ziwani mwaka 1901. Kikawa kanisa, shule na zahanati iendayo juu ya maji. Kilipita pwani kwa pwani kikiwashusha mapadre na walimu, kisha kikarudi kuwachukua.

Januari 1903, wakati wa Askofu Gerard Trower, jiwe la msingi la kanisa kuu likawekwa. Aliyechora ramani ni Frank George, mmisheni na msanifu wa majengo. Lakini ramani haiinui ukuta. Mawe ya kisiwani, matofali ya kuchomwa na udongo wa kichuguu vilibebwa na kupangwa kwa mikono ya wenyeji. Kanisa likatabarukiwa mwaka 1911. Wakati huo kazi ya stima ilikuwa imekwisha kuzaa shule nyingi katika vijiji vya ziwani, na nyingi zilikuwa vibanda vya miti na nyasi. Mwalimu wa kibanda kile, aliyesoma Likoma na kurudishwa kwao kwa stima, ndiye aliyeufanya ukubwa wa kanisa kuu uwe na maana. Kama si yeye, lingekuwa ghala tupu.

Swali la tatu ndilo zito kupita yote: Kwa nini mahali pale hasa?

Jina la Chipyela hukumbusha kuchoma moto. Zamani hapo ndipo walipochomwa watu walioshtakiwa uchawi. Mtu aliugua, au mtoto alikufa, ndipo kidole kikanyoshwa. Aliyenyoshewa kidole alikuwa aghalabu mnyonge asiye na wa kumtetea. Juu ya majivu hayo wakajenga. Wala hawakufanya hivyo kwa kukosa kiwanja. Walifuata mfano wa Unguja, ambako Askofu Edward Steere alijenga kanisa kuu mahali palipokuwa soko la watumwa; jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Noeli mwaka 1873. Tena makanisa haya mawili yana undugu wa mti mmoja. Mwaka huohuo wa 1873 Livingstone alikufa kijijini kwa Chitambo, katika nchi ya Ilala. Watumishi wake waliuzika moyo wake chini ya mti, kisha wakauchukua mwili wake mpaka pwani. Kwa mbao za mti ule ulichongwa msalaba ulio Unguja, na pia sanamu ya Bwana msalabani iliyo Likoma. Na jina la Ilala limepewa meli iliyoanza kazi ziwani mwaka 1951, ambayo imewashusha wasafiri wengi Likoma.

Basi msafiri aulizaye urefu wa kanisa hupewa jibu la mita. Aulizaye limesimama juu ya nini hupewa jibu limhukumulo. Maana kidole kile cha zamani hakijakatika. Hata leo, mkulima akivuna kahawa nyingi kuliko jirani zake, au mama mzee akibaki peke yake mwenye macho mekundu ya moshi wa jikoni, wako wanong'onao. Parokia iwezayo kujenga mnara mrefu, na huku yamwacha bibi yule aogope kutoka nje usiku, bado haijaingia katika kanisa la Likoma, ijapokuwa washarika wake wote wamefika huko kwa meli.

Kanisa lile limeona na mafarakano ya mataifa. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza Guendolen iliishambulia meli ya Wadachi Hermann von Wissmann hapo Liuli, ambapo Wadachi walipaita Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba wake. Ziwa lililokuwa njia ya askofu likawa uwanja wa vita. Baada ya vita kazi iliendelea. Johnson, aliyekwisha kutafsiri Biblia kwa Chinyanja cha Likoma, alikaa pwani yetu hata uzeeni, akafa Liuli Oktoba 1928, mwenye miaka 74. Kaburi lake li kwetu. Mwaka 1952 pwani yetu ilitengwa na Dayosisi ya Nyasaland, ikawa katika dayosisi mpya ya Kusini Magharibi ya Tanganyika. Na mwaka 1971 ikazaliwa Dayosisi ya Ruvuma. Leo mtu wa Mbamba Bay avukaye kwenda Likoma huingia nchi nyingine, naye yampasa kuwa na hati ya safari. Mipaka ni halali, nasi twaitii. Lakini mtoto aliyejenga nyumba yake hamkani mama yake.

Na tazameni, ndugu, jambo ambalo Johnson alipolala katika vijiji vyenye maboma asingaliweza kulisadiki upesi. Wajukuu wa Wangoni na wajukuu wa wale waliowakimbia hadi majini leo hupiga magoti bega kwa bega katika parokia zetu, Wanyasa, Wamanda, Wamatengo na Wangoni, na kunywa katika kikombe kimoja. Jambo hilo halikuletwa na mawe. Lilianza vibandani, kwa ubao na chaki, na kwa mwalimu aliyekubali kumfundisha mtoto wa adui.

Kwa hiyo, walimu, mkipata nafasi ya kuwapeleka vijana Likoma, wapelekeni. Waacheni wahesabu madirisha na kupima kuta kwa hatua, maana ni kazi ya mikono ya watu wao. Lakini kabla honi ya meli haijalia, wasimamisheni mbele ya madhabahu, mwaambie ni mahali gani pale palikuwa, na ni nani walioteswa hapo. Kisha waulizeni kama kijijini kwao yuko mtu anyoshewaye kidole leo. Mwenyezi Mungu, aliyeyafanya majivu yale kuwa mahali pa sala, atujalie sisi tulio katika Jubilei kumwendea mtu huyo kwanza, ndipo tuimbe.