Bega la Mtoto wa Kinyamwezi

Katika Unyamwezi ya karne ya 19, ambayo upande wake wa magharibi ndiko ziliko leo wilaya za Urambo na Kaliua, mtoto wa kiume alisifiwa kwa bega lake, kwa kuwa Mnyamwezi, tofauti na watu wa pwani waliojitwika kichwani, alichukua mzigo begani. Richard Burton, aliyefika Tabora mwaka 1857, aliandika kwamba watoto wa miaka sita au saba walikwisha kubebeshwa vipande vidogo vya pembe za ndovu, na kwamba upagazi, yaani kazi ya kuchukua mizigo ya misafara, ulihesabiwa kuwa kipimo cha uanaume. Mtoto huyo alipokomaa alibeba frasila mbili, ambazo ni karibu kilo 32, akatembea nazo hadi Bagamoyo, na nyama ya bega ikafanya sugu.

Ila sugu hiyo haikuwa begani tu. Aliyefunzwa tangu utotoni kutolalamika alikuwa mtu wa kutumainiwa njiani, lakini pia mtu rahisi kutumiwa, kwa sababu hakufunzwa mahali pa kukataa.

Ujasiri nao ulikuwa na upande wake wa pili. Mirambo, aliyezaliwa kama mwaka 1840, aliukuza utemi mdogo hadi ukawa dola ya Urambo kwa msaada wa ruga-ruga, yaani vijana wapiganaji ambao wengi wao walikuwa wametengwa na koo zao kwa vita, utumwa au utoro. Kila jambo zito lilimtegemea yeye, na alipofariki Desemba 1884 dola ikaanza kubomoka mikononi mwa mrithi wake.

Injili ilifika Urambo Mirambo angali hai, kupitia kwa daktari Ebenezer Southon wa London Missionary Society mwaka 1879, na mwaka 1898 kituo chao cha misheni kikapokewa na Wamoravian. Mzazi Mkristo anayeisoma historia hii hawezi kumkwepa Samsoni, ambaye baba yake, Manoa, aliomba kufundishwa namna ya kumlea kabla hajazaliwa, na ambaye hata hivyo, wazazi walipopinga uchaguzi wake wa mke, hakuwasikiliza. Manoa hakukosea kuomba mapema. Kilichomshinda ni kijana ambaye hakuwahi kukutana na kitu kilichomzidi nguvu, na mtoto wa namna hiyo kusifiwa kwa nguvu zake hakumsaidii kitu.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, ikapita Kaliua na kumalizikia Kigoma mwaka 1914, na ingedhaniwa kwamba bega sasa litapumzika. Mwaka huohuo Vita vya Kwanza vya Dunia vikaanza, na majeshi ya Wajerumani, Waingereza na Wabelgiji yakakusanya wapagazi kwa maelfu, ambao wengi wao waliuawa na maradhi na njaa, si risasi. Kwa kazi hiyo hawakutafutwa wanyonge.