Bahari ya kioo isiyo na mchanga

Wiki hii nawaomba tuiache siasa ipumzike kidogo. Nimepata barua kutoka kwa msikilizaji wa Tanga ambaye mjomba wake ni baharia. Mjomba huyo amerudi kutoka Ulaya akasimulia kwamba ameona, sebuleni kwa mtu, tangi la kioo lililojaa maji ya bahari, matumbawe hai yakichanua ndani yake, na chini hapana hata chembe moja ya mchanga. Msikilizaji wetu anauliza: je, mjomba ametia chumvi?

La, mjomba hakutia chumvi. Waliotia chumvi ni wenye tangi, tena kwa mizani, gramu 35 hivi kwa kila lita ya maji. Na habari ya huo mchanga uliokosekana ina historia ndefu kuliko nilivyodhani nilipoanza kuifuatilia.

Tuanze na tumbawe lenyewe. Sisi watu wa pwani tumezoea kuliona kama jiwe. Tumelijengea misikiti ya Kilwa na majumba ya Lamu, tumelichoma katika matanuu tupate chokaa. Lakini tumbawe ni mnyama, kijidudu laini chenye mdomo na mikono midogo, kinachojijengea nyumba ya chokaa na kukaa humo pamoja na maelfu ya ndugu zake. Ndani ya mwili wake hukaa vijimea vidogo mno, ambavyo huutumia mwanga wa jua kumpikia mwenyeji wao chakula. Kwa hiyo mnyama huyu anataka mambo mawili ambayo ni shida kuyapata pamoja ndani ya nyumba: mwanga mkali, na maji yasiyo na uchafu. Maji yakichafuka, mwani huota juu yake ukamfunika, naye hufa.

Mtu wa kwanza tunayemjua kwamba alifuga tumbawe mjini, mbali na bahari, alikuwa mama wa Kiingereza, Anna Thynne. Mwaka 1846 alichukua matumbawe madogo ya bahari ya baridi kutoka Torquay akayapeleka London. Aliyashona kwa sindano na uzi juu ya kipande cha sifongo ili maji yapate kuyazunguka. Kisha kila siku mtumishi wake alisimama mbele ya dirisha lililo wazi akiyamimina maji kutoka chombo hiki hadi chombo kile, yapate hewa. Baadaye mama huyo aliongeza vipande vya mwamba vyenye mwani. Matumbawe yake yaliishi karibu miaka 3. Jina la mtumishi yule aliyemimina maji siku zote hizo halitajwi sana katika vitabu, ingawa kwa maoni yangu yeye ndiye aliyekuwa pampu ya kwanza ya kazi hii.

Serikali ya Uingereza ilikuwa imefuta kodi ya kioo mwaka 1845, na vioo vikawa rahisi. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua jumba la samaki kwa msaada wa mtaalamu Philip Henry Gosse, na mwaka uliofuata Gosse akatoa kitabu kilichowatia watu wazimu wa kufuga viumbe vya bahari. Watu walimiminika ufukweni na ndoo. Mwanawe, Edmund Gosse, katika kitabu alichochapisha mwaka 1907, alisikitika kwamba vidimbwi vya miambani alivyovijua utotoni vilikuwa vimekwanguliwa vikabaki vitupu. Jambo hilo tulishike, tutalirudia.

Matangi ya siku hizo yalitandikwa mchanga na kokoto chini, nalo lilionekana ni jambo lisilo na mjadala. Bahari ina mchanga, basi na tangi liwe na mchanga. Katika miaka ya 1950 mchanga ukapewa hata kazi. Viwanda vilianza kutengeneza sahani za plastiki zenye matundu, ambazo huwekwa chini ya kokoto, na hewa ikavuta maji yapite katikati ya kokoto hizo. Humo waliishi bakteria. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kali. Bakteria wa kwanza huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wengi huivumilia.

Samaki waliishi. Matumbawe yalikufa. Nitrati haikuwa na mahali pa kwenda ila kulundikana, na zile kokoto zilikuwa zinavuta kila kinyesi na kila punje ya chakula na kuvificha. Mwenye tangi huona sakafu nyeupe, safi, kumbe chini yake amefuga jalala. Nimewahi kuliona tangi la namna hiyo katika ukumbi wa hoteli moja ya pwani, ambayo sitaitaja. Kwa juu mchanga ulimeremeta kama wa Jambiani. Nilipoinama kutazama kwa ubavuni, palipogusana mchanga na kioo, niliona tabaka jeusi lenye unene wa vidole viwili. Mhudumu aliniambia kwamba likikorogwa hutoa harufu ya mayai viza, na samaki hufa. Kwa hiyo walikuwa hawaligusi.

Njia ya kutokea ilionekana upande wetu huu wa dunia, si Ulaya. Huko Jakarta, Indonesia, alikuwapo mfugaji aitwaye Lee Chin Eng. Mwaka 1961 alieleza katika jarida moja la Marekani jinsi anavyofuga viumbe vya bahari. Hakuwa na mitambo. Alikuwa na maji ya bahari, jua la nchi za joto, mrija wa kutoa mapovu ya hewa, na vipande vya mwamba wa matumbawe alivyovichukua baharini vikiwa na uhai wake wote. Siri ilikuwa katika mawe hayo. Jiwe la tumbawe limejaa vishimo kama mkate wa mofa. Juu yake, penye hewa, hukaa wale bakteria wa amonia na nitriti. Ndani kabisa, pasipofika hewa, hukaa bakteria wa kabila lingine, ambao huivunja nitrati ikawa gesi ya nitrojeni, ikapanda na kutoka zake. Hapo kazi yote ya mchanga imekwisha kufanywa na jiwe, tena na ile ambayo kokoto zilishindwa.

Wazungu wengi walimsoma Lee wakamwona mtu mwenye bahati ya jua. Waliomwelewa ni wafugaji wa Ujerumani na Uswisi. Kuanzia miaka ya 1970, Mswisi Peter Wilkens, na pamoja naye wafugaji wa mji wa Berlin, waliunda utaratibu ambao hadi leo unaitwa kwa jina la mji huo. Walichukua mawe hai, wakaweka taa kali mahali pa jua, na wakaongeza chombo kirefu kama chupa ambamo vipovu vidogo vidogo husukumwa ndani ya maji. Uchafu ulioyeyuka hung'ang'ania povu, povu hupanda likamwagika katika kikombe, nalo hutupwa. Kila mama aliyewahi kuengua povu la nyama inayochemka anaielewa mashine hiyo bila kufundishwa. Wengi wao waliuondoa mchanga kabisa, au wakaacha utando mwembamba tu. Juu ya kioo kitupu taka haina pa kujificha. Mkondo wa maji huisukuma hadi pembeni, na mwenye tangi huifyonza kwa mpira.

Kuna jambo moja katika utaratibu huo ambalo lilinifanya niiweke kalamu chini. Tumbawe likikua hula chokaa iliyomo majini, na katika tangi dogo chokaa huisha upesi. Wilkens alifundisha kwamba irudishwe kwa kutia matone ya maji ya chokaa, chokaa hii hii iliyozimuliwa tunayopaka ukutani. Sasa fikirini, wasikilizaji. Huko Berlin watu walikuwa wakitona chokaa usiku kucha ili tumbawe liote. Miaka hiyo hiyo, Mafia na Mikindani, sisi tulikuwa tukilichimba tumbawe na kulitia katika tanuu ili tupate chokaa.

Mmoja wa wafugaji hao wa Berlin, Dietrich Stüber, alipata tumbawe la matawi likastawi kwake. Akawa anakata vitawi na kuwagawia wenzake, nao wakawagawia wengine, kama tugawavyo mbegu za muhogo. Tumbawe hilo likaenea kwa wafugaji wengi wa Ulaya bila kwenda tena baharini.

Mtadhani mjadala wa mchanga uliishia hapo. Wapi! Mwaka 1986 George Smit aliwafungulia Wamarekani mlango kwa makala zake za matangi ya matumbawe, lakini yeye alitegemea zaidi masanduku ya vichungi yaliyojaa plastiki. Kule Monaco mwanasayansi Jean Jaubert akaurudisha mchanga, akiuinua juu ya nafasi tupu ya maji ili bakteria wasiotaka hewa wafanye kazi humo, na matumbawe yake yakaota vizuri sana. Mwaka 1994 Charles Delbeek na Julian Sprung walitoa kitabu kilichozieleza njia hizi kwa Kiingereza. Kisha mwishoni mwa miaka ya 1990 Mmarekani Ronald Shimek, mtaalamu wa wanyama wasio na uti wa mgongo, akahimiza mchanga wa kina kirefu, sentimita 10 au zaidi, wenye minyoo na konokono wa kuulima. Wengi walimfuata. Baada ya miaka michache baadhi yao wakaanza kulalamika kwamba mchanga umeshiba, fosfati inarudi majini, mwani unafunika kila kitu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu wakawa wanachota mchanga kwa kata na kurudi kwenye kioo kitupu, pamoja na pampu zenye nguvu ambazo zingeupeperusha mchanga kama kaskazi.

Mimi nimewasikiliza wote, na moyo wangu uko na kioo kitupu, kwa sababu hakidanganyi. Lakini kina gharama zake. Wako samaki ambao usiku hujifukia mchangani wakalala. Kwenye kioo kitupu hawana kitanda. Jongoo bahari, ambaye maisha yake ni kumeza mchanga na kuutoa ukiwa safi, hana kazi. Na mchanga wenyewe ni zao la mwamba: pono huuguguna mwamba, akatoa nyuma yake mchanga mweupe ambao watalii hulipa nauli kuja kuukanyaga. Tangi lisilo na mchanga linafanana na chumba cha upasuaji. Mgonjwa anapona humo, lakini huwezi kusema ni nyumbani kwake. Kule baharini mchanga haugeuki jalala kwa kuwa maji hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na jeshi zima la minyoo na majongoo halilali. Nani atalitia jeshi hilo sebuleni?

Sasa nirudi kwenye vile vidimbwi vya Edmund Gosse. Kenya imekuwa ikiuza nje samaki wa mapambo wa baharini kwa miongo kadhaa. Kijana wa Shimoni anapozamia na wavu wake, yule samaki anayemtoa huenda akafika katika tangi la mjomba. Kama mwenye tangi hajui yaliyomo chini ya mchanga wake, samaki atakufa, na kijana ataagizwa mwingine. Kila kosa la sebuleni kule hulipwa mwambani huku.

Na mwamba wetu umekwisha kulipa vya kutosha. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto la El Niño, matumbawe ya pwani ya Afrika Mashariki yalipauka yakawa meupe kama mifupa, na sehemu kubwa ikafa. Baruti ilikuwa imekwisha kuvunja mengine. Huko Wasini, kusini ya pwani ya Kenya, wanakijiji wamejifunza kukata vitawi vya matumbawe na kuvipandikiza, kazi ile ile ya mikono ambayo Stüber aliifanya kwenye tangi lake. Katika vitalu vya namna hiyo, popote duniani, vitawi vichanga huning'inizwa kwenye kamba au kuinuliwa juu ya fremu, mbali na sakafu ya bahari, ili mchanga usivifukie kabla havijapata nguvu.