Ngao ya Coburg na fumbo la maana

Wajerumani huiita nembo ya mji au kijiji 'Wappen', neno lenye nasaba moja na 'Waffe', yaani silaha. Sisi nasi twasema 'ngao ya taifa'. Kumbe kisa ni kimoja: alama zilichorwa kwenye ngao ili askari wajuane vitani.

Sasa itazame ngao ya Coburg, Bavaria. Ina kichwa cha mtu mweusi: Mtakatifu Mauritius, askari anayesimuliwa kuwa alitoka Misri, msimamizi wa mji huo. Mwaka 1934 Wanazi walimwondoa, wakaweka upanga wenye swastika. Vita vilipokwisha 1945, akarudishwa. Mwaka 2020 wengine walitaka aondolewe tena, safari hii wakidai kwamba mchoro wenyewe, wenye midomo minene na hereni, unawadhalilisha weusi.

Unaona, msomaji wangu? Nembo ni kama neno: aliyeiunda hana hatimiliki ya maana yake.